Nyongeza Iliyofutwa

Jumanne

Na leo tena roboti wetu wa kusahihisha programu amerekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Mama Akinyi, anayeuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kondele, alinipigia kabla sijanywa chai. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwanangu, hiyo programu yenu ya hesabu inasema sehemu ya omena ya chama imepotea mikononi mwangu. Wenzangu wa chama wananiangalia kama mwizi."

Nikafungua kile chombo tunachotumia kufuatilia marekebisho ya roboti. Kilinionyesha kila hatua. Roboti aliona kila gorogoro, lile kopo la kupimia, inauzwa na omena kidogo ambayo haijalipiwa, akadhani ni kosa, akafuta ule mstari wangu wa programu unaohesabu nyongeza ya mteja. Majaribio yote yakapita. Ouma, mwenzangu wa kazi, akaidhinisha bila kusoma. Simlaumu. Sote tumechoka.

Lakini nani Kondele ananunua omena bila kuongezewa kiganja juu? Ukimnyima mteja nyongeza, kesho anasimama kwa jirani yako.

Nimeurudisha mstari, hesabu ya Mama Akinyi imekaa sawa. Nilipomwambia, akajibu tu, "Sasa waambie na wale wenzangu." Sijui hata nitaanzia wapi.

Chombo kikataka sababu ya kukataa rekebisho. Nikaandika: si kosa, ndivyo watu wanavyouza. Kikauliza nani anathibitisha. Nikaandika Mama Akinyi.

Kikajibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo kwenye timu.

Na kweli, hayupo.