Mfuko wa Chupa Begani

Jumanne, 11 Februari 2025

Siku ya thelathini na mbili tangu Nuha aanguke na kufa kule milima ya Kajulu. Zeituni, mke wangu, amepanga vitu vya binti yetu kitandani. Nguo ni za binamu zake. Vitabu vinakwenda madrasa ya hapa Kaloleni. Begi la kupandia mlima ni la Lornah, rafiki yake, aliyekuwa naye siku ile. Vyote vitatoka siku ya arobaini, Jumatano ijayo.

Mimi ndiye niliyeandika makala tatu za kupinga arobaini. Kwamba ni karamu ya walio hai, na marehemu hana faida nayo. Nusu ya msikiti iliacha kunisalimia. Leo mke wangu aliniambia idadi ya sufuria za pilau, akangoja nibishe.

“Huna neno?”

Sina.

Opondo, mhariri wangu, amepiga simu. Anataka makala kuhusu ile njia: haina kamba wala uzio, na wakubwa wanajua. Nimeandika maneno mia nne bila kuinua kichwa. Kichwa cha makala: “Nani Alimsukuma Binti Yangu?” Hasira inaandika vizuri. Machozi hayajui hata kuanza sentensi.

Alhamisi, 13 Februari

Lornah alikuja saa nne asubuhi. Zeituni alikuwa sokoni. Nikampa chai, hakuinywa. Nikamsomea makala ili anisahihishe mambo ya njia. Nilipofika kwenye kichwa cha pili akasema, “Baba, wacha kidogo.”

Wacha nini?

Akasema polisi alituambia Nuha aliteleza. Ni kweli, lakini si yote. Jua lilikuwa kali. Chupa ilikuwa kwa ule mfuko wa pembeni, nyuma, na Nuha hakutaka kusimama avue begi kwa sababu wenzao walikuwa wameshatangulia. Akapeleka mkono nyuma. Chupa ikakwama. Akajipinda kuivuta, mguu ukakanyaga changarawe za ukingoni.

“Mimi ndio nilimwambia asisimame, Baba. Nilimwambia tunachelewa.”

Analia huyu mtoto, anangoja nimlaani. Nikamwambia hana kosa. Nilisema haraka mno, kama mtu anayefunga mlango. Kwa sababu najua kitu ambacho Lornah hajui.

Desemba, wiki ya mwisho. Nuha aliweka begi lile lile juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu. “Baba, wewe ni mtoto wa fundi. Nishonee kamfuko hapa mbele, kwa mkanda wa bega. Maji nikiyataka nayachukua tu.” Nilikuwa namjibu bwana mmoja wa Nairobi aliyeandika upuuzi kuhusu ziwa letu. Sikumtazama usoni. Nikasema: mlima haukimbii, simama, vua begi, unywe.

Alicheka. “Unajibu dunia nzima, Baba. Mimi ndio hunijibu.” Akachukua begi lake.

Yule bwana wa Nairobi sasa sikumbuki hata alisema nini.

Ijumaa, 14 Februari

Makala bado iko kwenye kompyuta. Kichwa chake ni swali. Jibu ninalo.

Zeituni sijamwambia.

Jumapili, 16 Februari

Nimelichukua begi. Nimemwambia Zeituni nalitengeneza kidogo kabla ya kumpa Lornah. Akashangaa, akaniacha.

Cherehani ya marehemu baba iko pale pale chini ya dirisha. Alishona kanzu za mtaa huu miaka arobaini. Nikakata kipande cha turubai, nikatia lastiki kwenye mdomo wa mfuko ili ishike shingo ya chupa. Mkanda wa bega ni mnene, una sponji ndani — sindano ya kwanza ikavunjika, na ya pili. Nikatuma watu mtaa wa Manyatta wakaniletea sindano ya kushonea viatu na uzi wa nailoni. Nikashona kwa mkono, begi limelala mezani. Saa tatu nzima. Vidole vinatoka damu.

Nikalivaa. Mfuko ukapinduka ukatazama nje, chupa ikaanguka sakafuni.

Mjinga! Mkanda ukilala mezani umenyooka. Ukiwa begani unapinda. Baba hakuwahi kumaliza bega la kanzu bila mwenye kanzu kusimama mbele yake. Nililijua hilo nikiwa na miaka saba. Lazima mwenyewe aje apimwe.

Mwenyewe aje.

Nilikaa pale hadi adhana ya alasiri.

Jumatatu, 17 Februari

Nimefumua kila kitu. Nilipoulaza mkanda wa kushoto uso juu nikaona alama mbili za chaki ya bluu, moja juu, moja chini. Kipimo cha chupa kamili. Chaki hiyo inatoka kwenye droo yangu. Alishaweka alama kabla ya kuniletea. Na mimi nilikuwa nimeshona kulia! Nuha alikuwa wa mkono wa kushoto. Miaka ishirini na tatu mezani pamoja, nikashona kulia.

Opondo tena. “Mzee, moto umezima? Nimekuwekea ukurasa.” Nikamwambia aujaze kwa tangazo.

Jumanne, 18 Februari

Kesho arobaini. Wanawake watatu wako uani wanachambua mchele.

Mabega yangu ni mapana, hayafai. Lornah ni mrefu kuliko sote. Mwenye mabega ya Nuha humu ndani ni mmoja. Blauzi walikuwa wakiazimana. Nikamwita Zeituni sebuleni, nikamwomba avae.

“Lornah hana mabega haya,” akasema.

“Najua.”

Akanitazama. Kisha akapitisha mkono mmoja, halafu wa pili. Sikuwa tayari kumwona hivyo. Nikatia pini mdomoni nianze kazi. Nikashikilia mfuko kwenye alama za chaki, nikapiga bandi, zile nyuzi za muda, nikautia chupa iliyojaa. Nikamwambia atembee hadi mlangoni. Akatembea. Akainua mkono wa kushoto bila kutazama, akachomoa chupa, akanywa, akairudisha. Mguu haukusita hata kidogo.

“Basi ni hivi tu?” akauliza. “Kitu kidogo hivi?”

Halafu akainamisha kidevu, akaiona chaki.

“Hii ni chaki yako. Hizi si alama za mkono wako. Aliiweka lini?”

Nilikuwa na pini mdomoni.

“Toa pini, Baba Nuha.”

Nikasema kupitia pini kwamba nakwenda kuchukua mkasi. Niko chumbani na daftari hili. Pini nimezipanga hapa pembeni, sita. Yeye hajavua begi. Namsikia: chupa inatoka, inarudi, inatoka, inarudi.

Mkasi uko mezani sebuleni, mbele yake.