Neno Moja la Baba

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Baridi ya Songea ya mwezi huu haina huruma, kalamu ilikuwa haishikiki. Tulifagia uwanja, tukapangwa mstari, tukaambiwa Kidato cha Pili tuna mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo anayetaka kucheza acheze tu.

Mwanaisha amerudi kutoka kwao Tunduru na korosho za kukaanga kwenye mfuko wa sketi. Tunakaa dawati moja. Akaniuliza, haya niambie, likizo ilikuwaje? Nikamwambia Baba amepooza. Akaacha kutafuna.

Naandika hapa mara moja ili nisirudie tena. Ilikuwa Juni, asubuhi. Baba alikuwa anapiga mswaki nje. Nilisikia beseni likianguka, nikadhani ni mbuzi wa jirani. Alikuwa Baba. Upande wote wa kulia umelala – mkono, mguu, pembe ya mdomo. Mwalimu Athanasi, aliyekuwa akifundisha darasa la saba sauti yake ikasikika mpaka barabarani, amebakiwa na neno moja tu. Haya.

Umelalaje, Baba? Haya. Chai ina sukari? Haya. Paka amepanda mezani! Haya.

Zamani kila jioni aliniuliza: "Getruda, leo wamekulisha nini huko darasani?" Leo nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, nikamweleza bila kuulizwa. Nimeamua hivyo. Kila siku nitamletea somo. Mtu aliyefundisha maisha yake yote hawezi kukaa siku nzima anaangalia dari.

Alhamisi, 10 Julai

Fizikia: mashine rahisi. Sir Raphael alileta mtaimbo darasani, akaweka jiwe chini yake, akamwita msichana mdogo kuliko wote ainue dawati lenye wavulana wawili. Likainuka! Darasa zima kelele.

Nyumbani nikamwambia Mama tujaribu. Tuliingiza ubao chini ya kitanda cha Baba, tofali likawa egemeo. Mimi nikakandamiza, Mama akasukumia matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Sasa Baba analala kichwa kikiwa juu na uji haumpalii tena. Mama akacheka – sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Akasema kumbe ada haipotei bure. Baba akasema haya.

Ijumaa, 11 Julai

Mama alimpeleka mazoezi hospitalini kwa bajaji. Yule dada wa mazoezi amesema msikose hata wiki moja, miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Baadaye mwili unazoea kulala.

Jumatatu, 14 Julai

Baiolojia. Madam Rosemary anafundisha usafirishaji mwilini: moyo, mishipa, presha. Leo akafika kwenye magonjwa. Akaandika ugonjwa mmoja kwa Kiingereza, halafu akageuka akatafsiri: kiharusi. Anajua habari za Baba. Nilimwona anatafuta uso wangu, halafu anaukwepa.

Mshipa wa damu unaziba au unapasuka kichwani. Sehemu ya ubongo inakosa hewa. Kama ni upande wa kushoto, mtu hupoteza upande wa kulia wa mwili, na mara nyingi maneno. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri, hata michoro nikapaka rangi. Mwanaisha aliweka mkono wake juu ya goti langu kipindi kizima.

Jioni nilifungua daftari mbele ya Baba nikashindwa. Nikamsomea moyo tu, vyumba vinne. Haya, akasema. Haya, haya.

Jumatano, 16 Julai

Kemia. Maabara haina maji. Tulisoma maji kwenye kitabu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefanya vibaya leo.

Kipindi cha Kiswahili tulisoma kwa sauti, kila mmoja aya yake. Nikarudi nyumbani na wazo. Nikachukua chaki za Baba kwenye kopo, nikaandika kwenye mlango wa chumba: ba be bi bo bu. Nikasema, Baba, nifuatishe. Ba. Akaniangalia. Nikarudia kwa sauti ile ya darasa la kwanza, nikimpigia makofi. Ba! Mdomo ukajikunja. Haya. Hapana Baba, siyo haya, sema ba.

Akageuzia uso ukutani. Machozi yalimshuka kwenye jicho moja tu, lile la upande mzima.

Mama akaja na kitambaa cha maji akafuta mlango wote. "Huyo siyo mtoto wako," akaniambia. Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa.

Ijumaa, 18 Julai

Sikumletea somo. Niliosha vyombo, nikalala.

Jumatatu, 21 Julai

Niandike polepole.

Hisabati. Sir Joachim alituletea kanuni ya Pythagoras: pembetatu mraba, pande mbili unazijua, tafuta wa tatu. Maswali kumi ya nyumbani. Niliyafanya karibu na kitanda, na kwa kuwa nilikuwa bado naona haya kumtazama Baba, sikumweleza kitu. Nilifanya kwa sauti ya chini tu, daftari likiwa kwenye shuka lake. Sita mara sita, thelathini na sita. Nane mara nane, sitini na nne. Jumla mia. Jibu – nikaandika hamsini. Nilikuwa nimegawa kwa mbili badala ya kutafuta kipeuo. Nikataka kufungua ukurasa mwingine.

Ukurasa haukufunguka. Baba alikuwa ameukandamiza kwa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa juu ya hamsini yangu, ukucha umezama kwenye karatasi.

Nikasema, Baba, niache nimalize. Haya, akasema. Mkono hakuutoa.

Nikaangalia tena. Nikaona. Nikafuta, nikaandika kumi.

Akainua mkono.

Nikaandika swali lingine, na nikaharibu makusudi. Ukucha ukashuka palepale penye kosa! La tatu nikapata – akaniacha nifungue ukurasa. Yumo humo ndani! Mwalimu yumo, anasahihisha!

Jumanne, 22 Julai

Nilimweleza Mama wakati anachambua majani ya maboga. Nilidhani atapiga vigelegele. Akasema anajua. Tangu siku ya kwanza anajua, kwa namna Baba anavyomwangalia yeye akimwaga uji.

Akasema: "Lakini usimwambie mtu. Usimwambie baba yako mkubwa."

Kwa nini? Akaendelea kuchambua majani. "Wewe usiseme tu."

Mwanaisha nilimwambia. Siyo mtu wa huku. Akanipiga bega: "Mshukuru Mungu, Getu! Mimi baba yangu hana kiharusi na hajawahi kuona kosa kwenye Pythagoras."

Alhamisi, 24 Julai

Jiografia: misitu na matumizi yake. Nilimweleza Baba habari za mikaratusi, akasinzia katikati. Hiyo hata mimi ilinisinzisha.

Baba mkubwa Hironimus amepiga simu kutoka kijijini. Anakuja Jumapili baada ya misa.

Jumapili, 27 Julai

Siku ndefu. Nayaandika yote.

Baba mkubwa alifika na madumu mawili ya togwa na kuku. Nikapiga goti, shikamoo. Marahaba mwanangu, umekuwa. Aliingia moja kwa moja chumbani, akakaa kitandani, akaushika ule mkono uliolala akausugua kama anaupasha moto. Nilimwona akilia. Simchukii. Ndiye aliyemlea Baba, babu alipofariki.

Baada ya kula akasema lililomleta. Anataka kumpeleka nyumbani, kijijini. Bibi yupo, anataka kumwona mwanawe. Ndugu wapo, wanaume wa kumbeba. Na kuna mama mmoja mtaalamu wa miti shamba, amewasimamisha wengi. "Hapa mjini mnamgeuza wanawake wawili, shemeji. Mtavunjika migongo."

Mama akasema taratibu kuwa kuna mazoezi hospitalini.

"Mazoezi ya kunyoosha vidole? Hata huko tutamnyoosha."

 Mama ni mke wa mdogo mtu, na Baba mkubwa ndiye mkubwa wa ukoo. Aliangalia mikono yake.

Mimi nikashindwa kunyamaza. Nikasema Baba mkubwa, samahani, Baba anaendelea vizuri, akili yake nzima, anasahihisha hesabu zangu. Nikaleta daftari. Nikamwonyesha alama za ukucha. Mama alinitazama mara moja tu, nikajua nimeharibu – ila sikujua bado nimeharibu nini.

Baba mkubwa alifurahi sana. "Anaelewa? Mungu mkubwa! Basi ndiyo vizuri. Mimi nilidhani tutamwamulia kama mzigo. Mtu mwenye akili zake huulizwa mwenyewe."

Akavua kofia. Akainama. "Mdogo wangu Athanasi. Nataka nikupeleke nyumbani kwa mama. Twende?"

Baba akamtazama. Mdomo ukahangaika, ukakunjuka, ukakunjika tena.

"Haya."

"Mmesikia," Baba mkubwa akasema. "Mwenyewe kasema."

Nikasema hapana, hilo ndilo neno lake la kila kitu! Nikapiga magoti kando ya kitanda. Baba, unataka kubaki hapa? Haya. Mnaona? Baba, unataka kula mawe? Haya.

 Baba alifumba macho. Nilimwuliza babangu kama anataka kula mawe, mbele ya kaka yake.

Baba mkubwa hakunigombeza. Alisema kwa upole: "Mara anaelewa, mara haelewi. Shika moja, mwanangu. Kama anaelewa, kakubali. Kama haelewi, wakubwa tunaamua."

Nikafunga daftari. 

Wanaondoka Jumamosi. Mama ataenda naye. Mimi nitahamia kwa mama mdogo, mtaa wa Mfaranyaki, ili nisikose shule. Kutoka kijijini mpaka kwenye mazoezi ni nusu siku ya safari. Hakuna atakayemleta, hata wakiahidi.

Jumatatu, 28 Julai

Jaribio la Kiingereza. Insha: mtu ninayemheshimu. Niliandika jina langu na tarehe tu.

Mwanaisha alinikuta nyuma ya jiko la shule. Nikamsimulia. Akafikiri, akasema, "Na huyo baba yako mkubwa naye! Angemuuliza mara mbili mbili kama sisi kwetu mtu anapoozwa." Alimaanisha kuozwa, mimi nikasikia kupooza. Nilicheka nikashangaa kuwa nacheka. Halafu akasema kwa sauti nyingine, kwao Namasakata, huko Tunduru, bibi yake alipelekwa hivyohivyo kwa ndugu, kwa nia njema tu. Sikumwuliza iliishaje.

Jumatano, 30 Julai

Niliomba ruhusa kipindi cha Uraia nikaenda nao hospitalini. Dada wa mazoezi alimshikisha Baba kwenye fito mbili za kujifunzia kutembea, akamwambia hamisha uzito. Dole gumba la mguu wa kulia likacheza! Kidogo, kama mdudu chini ya shuka. Sote tuliliona. Dada akashangilia, akamwandikia Mama tarehe za mwezi mzima wa Agosti. Tuonane wiki ijayo, mama?

Mama akakunja kile kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kitenge.

"Haya," akasema Mama.



Ijumaa, 1 Agosti

Historia leo. Nilikuja na somo, nikaliacha mlangoni. Nilimwambia Baba kitu kimoja tu: nisamehe habari ya mawe. Mkono wa kushoto ukatafuta wangu ukaubana. Hakusema haya. Pengine alichoka.

Nguo zake zimefungwa. Mama hakutia suti yake ya kufundishia.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika haraka. Nimetumwa ndani kuchukua blanketi.

Gari aina ya Noah limekuja saa moja asubuhi. Baba mkubwa na dereva walimbeba Baba wakamweka kiti cha mbele, wakamfunga mkanda. Majirani wametoka kuaga: Mwalimu, safari njema, Mwalimu, utarudi unakimbia! Kwa kila mmoja, haya. Haya. Haya. Hata mtoto wa jirani aliyempungia mkono – haya. Mama amekaa nyuma na masufuria.

Dereva akawasha injini. Baba mkubwa ni mtu wa utaratibu, hawezi kuondoka na mgonjwa bila kumwambia. Akazunguka mpaka dirishani kwa Baba, akavua kofia. "Haya mdogo wangu, ndiyo tunaondoka. Twende?"

Baba akamtazama.

Tukasubiri. Baba mkubwa akatabasamu, akauliza tena. "Athanasi? Twende?"

Hakuna kitu. Midomo ameibana, hata ule upande ulioanguka ameuvuta ukafunga. Kidevu kinatetemeka kwa kuubana. Tangu Juni ukimwuliza habari za paka anajibu.

Dereva akauliza, mzee, amesinzia nini? Hakusinzia. Macho yalikuwa kwa kaka yake, hayapepesi.

Baba mkubwa akainama karibu kabisa, akamwambia kwa Kingoni, polepole, kama anavyosemeshwa mtoto anayekataa dawa. Kimya. Majirani wakaacha kupunga mikono. Nilimwona Mama ameshika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili.

Halafu Baba mkubwa akasema bila kumtazama mtu: zima gari kwanza. Na Mama akanituma blanketi, ingawa Baba analo miguuni.

Nipo chumbani, kitanda bado kimeinuliwa juu ya matofali. Blanketi hakuna humu. Dirisha liko wazi.

Baba mkubwa anauliza tena. Sauti imebadilika, siyo ya mkubwa wa ukoo tena. Anasema, kaka, nisemeshe basi.

Nasikiliza.

Bado kimya.