Kamera Inayosahau

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi barazani, si kitandani, maana Mama aliniarifu kwamba mgongo umerudi kukusumbua. Ile dawa ya kuchua imesaidia? Na studio bado unaifungua asubuhi, au siku hizi kila mtu Malindi ana kamera yake? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya Embu mwezi huu wa saba inanilaza na soksi.

Nina habari ya kazi ambayo wewe ndiye wa kuisikia. Bi Karimi, mkubwa wangu katika mradi wa afya, amerudi kutoka Nairobi na kamera isiyotiwa filamu. Picha zinaingia kwenye kadi nyembamba, na unaziona papo hapo kwenye kioo kidogo cha nyuma. Niliizungusha mkononi nikitafuta pete ya lenzi, nikatafuta gurudumu la kasi. Hakuna. Kila kitu kiko ndani ya menyu: unabonyeza kitufe, orodha inatokea kiooni, unashuka kwa mishale, unachagua, unatoka. Mwanga humo, flashi humo, hata tarehe humo. Ile kamera uliyonifundishia naiweka sawa huku jicho langu liko kwa mtu. Hii inataka nimwache mtu, nisome kwanza. Lakini Baba, sikuweza kuiweka chini. Jumapili nzima nilikaa chumbani kwangu hapa mtaa wa Majimbo nikiipiga picha sufuria ileile, mara ing'ae, mara ififie, mpaka betri zikaisha.

Wiki iliyopita madaktari wa macho walikuja Manyatta, si mbali na hapa, wakatumia ukumbi wa kanisa. Nilitumwa nimpige picha mgonjwa akifunguliwa bandeji. Alikuwa Cucu Wanja (huku bibi huitwa cucu), ambaye macho yake yaliingia ukungu kabla mjukuu wake hajazaliwa. Mtoto amepewa jina lake, sasa anatembea, na Cucu hajawahi kumwona. Mama wa mtoto, Muthoni, alimsimamisha mbele ya kiti.

"Flashi usitumie," daktari aliniambia. "Hilo jicho bado ni changa."

Nikaingia kwenye menyu, nikaizima. Tukangoja daktari anawe mikono. Kumbe kamera hii ikikaa bila kuguswa hujizima yenyewe, na ikiamka imesahau ulichoiambia. Vidole vya daktari vilipofika kwenye plasta, nikaona alama ya flashi imerudi kiooni.

"Daktari, naomba ungoje kidogo."

Akasimamisha mikono. Nikaanza kushuka na mishale, nikapita nilipotaka, nikarudi juu.

"Nini inangojwa?" Cucu akauliza.

"Ni kamera, Mama," Muthoni akamjibu mkwewe.

"Mimi nimengoja tangu huyu azaliwe. Hiyo kamera itanikuta mbele."

Akainua mkono, akaibandua bandeji mwenyewe. Daktari alijaribu kumzuia, akachelewa. Cucu akapepesa jicho, akamtazama mtoto kwa muda.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Hakuridhika. Akafumba macho tena, akampapasa mtoto paji la uso, pua, kidevu, kama alivyozoea kumjua. "Ndiye," akasema, macho bado amefumba. Wakati huo nilikuwa nimeshaizima flashi. Nikabonyeza.

Nilimwonyesha picha palepale. Akakisogeza kioo mbali, akakileta karibu.

"Mtoto namwona. Na huyu mzee ni nani?"

"Ni wewe, Cucu."

Akamgeukia Muthoni. "Mbona hamkuniambia nimezeeka hivi?" Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka kuliko wote.

Bi Karimi hakuipenda picha hiyo. "Lakini amefumba macho," alisema. "Wafadhili wanataka kuona jicho limefunguka." Nikamwomba ruhusa, nikachapisha nakala mbili kwa printa ya ofisi. Moja nimempelekea Cucu, nyingine imo humu kwenye bahasha. Mwonyeshe Mama kabla hujamsomea barua hii, umuulize anaona nini. Mimi namwona mtu anayemtazama mjukuu wake, ila mimi nilikuwapo. Nataka kujua anachoona mtu ambaye hakuwapo.

Nisalimie Mama, kaka Athumani na wanawe, na shangazi wa nyumba ya pili ambaye najua atataka kuishika picha kwa mikono yenye unga.

Mwanao anayekuombea nafuu,
Mwanajuma