Mswisi Alipouliza Habari za Unga

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mwanao Elifuraha ni mzima huku Rhodesia, ninakofanya kazi kwenye kambi ya Wajerumani waliofungwa kwa sababu ya vita. Kikohozi kimepungua, au baridi ya Mhezi bado inakusumbua? Najua hulali tangu serikali ilipokuambia kwamba mdogo wangu Mbonea amepotea vitani. Nami nilikuwa na neno, ila sikutaka kukuandikia kabla sijajua mwisho wake.

Kabla ya mvua alikuja mzungu wa Uswisi. Nchi yake haipigani na mtu, basi Wajerumani wameiomba iwaangalie watu wao walio mikononi mwa Waingereza. Siku hizo nilikuwa mpishi. Bwana wa kambi akanionya, "Akikuuliza, chakula ni kizuri. Umesikia?" Mama, unga ulikuwa na wadudu majuma matatu, na watoto wa wafungwa walikuwa wakiharisha.

Mswisi yule aliwahi kukaa Tanga. Akaingia jikoni, bwana nyuma yake, akauliza kwa Kiswahili, "Unga wenu ni mzuri?"

Niliiona jela. Nikamwuliza, "Na watu wetu waliotekwa na Wajerumani, nani anawaangalia?"

"Ni sisi pia. Waingereza nao wametuomba."

Nikachota unga kwa kikombe, nikaumwaga mezani. Wadudu wakatambaa mbele yao wote wawili. Nikasema, "Ndugu yangu Mbonea, wa kikosi cha kazi, alipotea jangwani. Mwulizieni." Akaandika jina.

Kesho yake niliondolewa jikoni, nikapewa shoka. Unga mpya ukaja. Lakini miezi ikapita kimya, nikawa nakata kuni huku najiuliza kama nimejiponza bure.

Mwalimu unayemsomea mama, ukifika hapa mpe kiti kwanza.

Jana karani aliniita ofisini. Mbonea yu hai, Mama. Yuko kambi ya mateka Ujerumani. Mguu wa kushoto umekatwa, kidonda kimepona. Kuna na kikaratasi cha mkono wake: "Nimeulizwa kwa jina na mtu nisiyemjua. Nani alimwambia kwamba nipo?"

Nililia mbele ya karani, sikuona haya.

Nisalimie mjomba, na dada yangu na wanawe. Mke wa Mbonea umwendee wewe mwenyewe, asije akasikia habari za mguu kwa watu wa sokoni Same. Na kama amevaa nyeusi, Mama, mvue kwa mikono yako.

Ni mimi mwanao mkata kuni,
Elifuraha