Bawa la Nassor, Tanga la Hamadi

Muscat,
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Najua umeshaitikia marahaba kabla Mjomba Bakari hajamaliza kukusomea mstari huu, basi nami nimeipokea huku niliko. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila mafua tu ya hivi viyoyozi vyao. Vipi goti lako? Bado linakuzuia kushuka pwani? Na ile dawa ya kuchua niliyoituma, ilifika Jibondo au ilimaliziwa njiani kwenye magoti ya watu wengine?

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu tumeshindwana. Kila nikitaja jina la Hamadi unasema mtandao unakatika. Mtandao haukatiki, mama, unayekata ni wewe. Barua hii anakuja nayo mtu wa kwao Bi Asya, na nimemwapisha aitie mkononi mwa Mjomba.

Najua wanavyokusumbua huko. Sheikh ameshasema neno lake: mashua ilipotea kwenye dhoruba, wenzake wawili wameokotwa maiti, kwa hiyo Hamadi naye ni wa kusaliwa, na Zuhura mkewe akae eda yake kisha awe huru. Wewe umekataa. Unasema mwanao hajatafutwa, na mtu asiyetafutwa hawezi kusaliwa. Zuhura wa watu yupo tu hapo, si mke si mjane, na kila mtu anangoja mdomo wako. Mimi nilikuwa upande wako, tena zaidi yako. Zuhura aliponipigia kuniomba niseme nawe, nilimjibu vibaya. Nilimwuliza ana haraka ya nini, kwani keshapata wa kumweka ndani? Akasema, "Haya, wifi, nimekusikia." Tangu siku hiyo hajanipigia.

Sasa sikiliza yaliyonipata huku.

Lazima mlisikia habari ya ile ndege ndogo ya mizigo iliyotoka Dar es Salaam kuja Kilindoni ikapotelea kwenye mvua. Rubani wake alikuwa Nassor, mdogo wake Bi Asya huyu ninayemfanyia kazi. Ndio haohao wa Kirongwe wenye minazi. Nyumba nzima iligeuka. Bi Asya akawa hali chakula, haogi mpaka nimtilie maji. Nilimhurumia, wallahi. Nilijua anapopita.

Lakini baada ya siku chache, Said, mtoto wake mkubwa, akaja na kompyuta akaiweka juu ya meza ya kulia. Akasema picha za setilaiti za bahari yote ile zimepatikana, na watu wa kujitolea wa dunia nzima wamekubali kuzitazama. Bahari wameikata vipande vidogo vidogo, mama, kama unavyokata visheti. Kila mtu anapewa kipande chake. Akiona kitu kinachofanana na ndege anabonyeza, anaweka alama. Mtu mmoja akibonyeza haitoshi. Wakibonyeza kadhaa mahali pamoja ndipo wakaguzi wanapotazama, na wakiridhika, boti inatumwa.

Nikauliza, "Watu wa dunia nzima wanamjua Nassor?"

Said akasema, "Hawamjui, dada. Wanajitolea tu."

Mama, hapo ndipo uliponiingia wivu. Sitaki kuupamba. Nimewahi kuona wivu wa nguo na wa mume wa shoga, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea wivu mwenzake kwa msiba. Bibi mmoja wa nchi ya baridi, ambaye hata Mafia haijui iko wapi, alimwandikia Bi Asya kwamba kila asubuhi kabla hajanywa chai yake anamtafuta Nassor kwanza. Bi Asya akalia kwa furaha akanisomea. Mimi nikaenda jikoni nikaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Hamadi wetu alitafutwa na nani? Na Mjomba Bakari, kwa boti ya mashine ya kuazima, mpaka mafuta yakaisha. Na ile mashua ilipotelea bahari hiyohiyo, mama, kati ya Rufiji na kwetu, imebeba mbao za watu za kuundia vyombo. Bahari ni moja, lakini mmoja anatazamwa na dunia na mwingine hata jina halikutajwa redioni.

Bi Asya akanipa simu yake ya zamani nami nitazame. "Wewe ni mtoto wa Jibondo," akaniambia, "jicho lako limezoea maji." Nikatazama. Kila nikimaliza kupika nakaa natazama. Ni maji tu, mama, maji, kivuli cha wingu, povu, maji. Mwanzoni nilitafuta ndege. Halafu nikajiona simtafuti Nassor kabisa.

Nikamwomba Said awaandikie wale wenye picha, awaulize kama wanazo za zile siku upepo wa kusi ulipoanza, siku za Hamadi. Kijana ana adabu, akaandika. Jibu likaja: hawana. Bahari kuu haipigwi picha hivihivi mpaka mtu aombe. Kwa Nassor waliomba. Siku za Hamadi juu kule hakuna aliyefungua jicho, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba inaombwa. Nilimchukia Bi Asya siku ile. Nilimchukia na chai yake nikaitia sukari kidogo makusudi, akanywa wala hakutambua.

Basi alasiri moja Bi Asya akapiga ukelele. "Mwanaidi! Mwanaidi, njoo!" Nikatoka mbio na unga mikononi. Kwenye kioo, kaskazini ya Ras Mkumbi, ile ncha ya kisiwa, juu ya fungu la mchanga, kulikuwa na kitu cheupe cha pembe tatu, upande mmoja umezama.

"Bawa," akasema. "Lile bawa la ndege yake. Hulioni?"

Lakini mimi sikuona bawa, mama. Niliona tanga. Niliona tanga limelala ubavu na mti wake wa foromali, lile la turubai jeupe alilolikata Mjomba pale uani, mimi nawe tukamshikia pindo. Upepo wa kusi ungeisukuma mashua upande huohuo. Nikasema, "Lile tanga, Bi Asya."

"Tanga la nini juu ya fungu?"

"La mashua ya ndugu yangu."

Akanitazama kama niliyemwibia. "Mwanaidi, usinifanyie hivyo. Ndugu yako miezi mingapi hii? Tanga gani likae miezi yote hiyo?"

"Na bawa gani la ndege lenye umbo hilo?"

"La ndege iliyovunjika!"

"Na hili la mashua iliyovunjika!"

Tulisimama pale tunagombania kitone cheupe kisichozidi punje ya mchele. Watu wazima, mama. Yeye anavuta kwake, mimi navuta kwangu. Sisi watu wa Jibondo tumezidi, chochote cheupe juu ya maji kwetu ni tanga, najua. Lakini wakati ule ungenikata shingo nisingesema vingine.

Bi Asya akabonyeza. Peke yake haikutosha. Tukangoja, hakuna mwingine aliyebonyeza. Wengi walikwisha kukipita kile kipande wakidhani ni povu. Ndipo akanigeukia, akanishika mikono yangu yenye unga. "Nakuomba," akasema. "Kwa Mungu nakuomba, nawe bonyeza. Sema ni ndege."

Nami nilikataa. Nilimwambia siwezi kumpa ndugu yangu awe ndugu yake. Akaniachia mikono, akakaa chini sakafuni na baibui lake, mtu ambaye sijapata kumwona amekaa chini. Hakunitukana wala hakunifukuza. Nilirudi jikoni nikakanda ule unga mpaka ukawa mgumu kama mpira.

Nilikuwa nakanda huku nawaza. Nikisema ni tanga, nitamwambia nani? Hakuna mahali pa kubonyeza tanga. Kwa tanga la mtu wa Jibondo hakuna boti itakayowashwa. Kwa ndege watakwenda. Na hao watakaokwenda kutafuta ndege ni wavuvi na mabaharia kama sisi; wakikuta tanga hawatalipita wakaliacha, wakikuta mbao watauliza za nani. Nikajifuta mikono. Nikaenda nikachukua ile simu, nikakitafuta kipande chenyewe, nikabonyeza ndege. Kisha nikamwambia Said naye abonyeze, na awaambie na wenzake watazame palepale.

Wakaenda, mama. Walikuta bawa.

Ndege yenyewe ilikuwa kando ya fungu, mahali ambapo maji si marefu, na Nassor ndani yake. Walimleta Kirongwe wakamzika. Bi Asya alipanda ndege kuja huko na kurudi. Siku aliyopigiwa simu alinikumbatia analia, ananiita mwanangu, ananiombea dua, na mimi nikawa nimesimama kama mti. Nilifurahi kwa ajili yake kidogo sana. Kilichobaki chote kilikuwa wivu. Yeye ana kaburi la kwenda kumwagia maji na kutia marashi. Ana mahali pa kusimama akasema ndugu yangu yupo hapa. Na lile kaburi nimemchimbia mimi kwa kidole changu, kwa kitu nilichokiamini ni changu. Bado wivu huo ninao, sikudanganyi. Naamka nao.

Lakini aliporudi aliniita chumbani kwake akafunga mlango. Sikuwa nimemwomba jambo lolote. Akaniambia, "Nilikwenda mpaka Ras Mkumbi kwa nahodha wa boti iliyompata Nassor. Nikamwuliza habari ya ndugu yako." Nahodha kamwambia walizunguka mafungu yote ya upande ule, moja baada ya jingine, na mzamiaji akishuka, kwa siku kadhaa, kwa sababu walikuwa wanatafuta vipande vya ndege vilivyobaki. Bi Asya akamwuliza tanga. Akamwuliza foromali, mbao, dumu, chochote cha mashua. Nahodha akasema hakuna. Kama kungekuwa na ubao mmoja wangeuona.

Nililala na maneno hayo siku nyingi kabla ya kushika kalamu hii.

Mama, wewe unasema hajatafutwa. Ametafutwa. Bahari yote imetazamwa kipande kwa kipande na watu wasiohesabika, na bibi wa nchi ya baridi ameitazama kabla ya chai yake, na boti imewashwa, na mtu amezama chini kutazama. Walikuwa wanamwita kwa jina la mwingine, lakini popote ambapo Nassor angekuwa na Hamadi angeweza kuwa, wamepita. Hatukunyimwa kutafutiwa. Tumetafutiwa, hayupo.

Mruhusu sheikh amsalie sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo. Muache Zuhura akae eda. Nipe habari ni Ijumaa ipi, nami huku nitasimama kuswali siku hiyo, na Bi Asya ameomba asimame pembeni yangu. Nimemkubalia.

Msalimie Mjomba Bakari, mwambie mafuta yake hayakwenda bure na mimi sijayasahau. Wasalimie majirani wote wanaokuletea maji. Zuhura msalimie peke yake, umkalishe karibu. Mwambie wifi yake anamtaka radhi kwa lile neno, na akimaliza eda yake akapata mtu mwema, mimi ndiye nitakayemshonea nguo.

Lichue goti kila unapotaka kulala. Na nikipiga simu, usikate.

Ni mimi Mwanaidi,
mtoto wako uliyebaki naye.