Ufunguo Niliowatajia Wahenga

Mshauri mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, mimi ndiye huombwa, maana pale getini Changamwe hakuna lori la kontena linalopita mpaka ninyanyue mkono wangu, hata waheshimiwa wameshanisubiri na honi zao, lakini leo kwangu Chaani nashindwa kumtazama hata kuku.

Nilikuwa nakwenda likizo Naivasha, kwenye hoteli yenye bwawa, mtu wa hadhi yangu lazima apumzike, na mke wangu Nyamvula alikuwa kwao Kaloleni akimwuguza mamake, basi nikapita mangweni kuaga, yaani kilabuni kwa pombe ya mnazi, ambayo Nyamvula anajua niliiacha tangu alipookoka, wakanipa kata niombe safari njema, na koma, mizimu ya wazee wetu, haziombwi kwa kunong'ona wala hazifichwi kitu, nikamwaga tone chini nikasema kwa sauti yangu hii unayoisikia hata kwenye karatasi, "Enyi wazee, naondoka Ijumaa, narudi wiki ijayo, mke hayuko, ufunguo uko chini ya kopo la mrehani, nilindieni nyumba, taireni!" na mangwe nzima, kama desturi ya dua zetu, ikaitikia "Za Mulungu!", hasa wageni wawili wa kona nisiowajua, hao waliitikia kwa moyo kweli. Nikafika nyumbani nikaweka picha kwenye WhatsApp, nimeegemea sanduku, kitambulisho mkononi, nambari zinasomeka kama kibao cha duka.

Kurudi, cherehani ya Nyamvula hakuna, vitambaa vya sare za kwaya hakuna, mtungi wa gesi hakuna, na mlango haukuvunjwa. Nyamvula akasema, "Baba Lavender, ufunguo tuliujua watatu. Mimi, wewe, na Tinga." Tinga ni ndugu yake, anakaa nyuma yetu, tulimwachia kuku awalishe. Maskini akajitetea, "Dada, niibe cherehani nishone nini?" Hakusikizwa. Sasa wazee wa Kaloleni wanataka Jumamosi ale papai la kiapo, lile wasemalo humvimbisha mwongo, naye amekubali, na mimi nimekaa tu nikisema kwa sauti nzito, "Ukweli utajulikana." Tena kuna mtu anawapigia jamaa zangu kwa jina langu, nambari ya kitambulisho anayo mdomoni, anasema nimekamatwa Naivasha, shangazi Sarah amelia mpaka sauti imekauka.

Nifanyeje, bila kuutaja mnazi?

Changawa, Chaani

*

Mzee Changawa,

Pole kwa cherehani. Pole nyingine sina.

Mwizi wako hakusumbuka hata kuchungulia dirishani. Ulimpa siku ya kuondoka, siku ya kurudi na kopo, ukamalizia kwa dua. Na sasa, kwa kuogopa kunuswa mdomo, unataka shemeji yako aende kuapishwa mbele ya watu? Huna haya, baba!

Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, waite Nyamvula na Tinga pamoja uwaambie, mangwe na yote. Usingoje Jumamosi. Kesho nenda polisi uandikishe wizi na ueleze sura za wale wawili wa kona. Badilisha kitasa, kwani ufunguo ulioshikwa na mwizi huenda una mapacha. Picha ile ifute, halafu ukaulize kwa watu wa laini yako ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Zisizo zako zifungwe. Jamaa waambie, anayepiga akidai ni wewe, wakate, wakupigie wenyewe.

Safari nyingine ufunguo mpe mtu mkononi, na picha uweke ukisharudi. Koma zinaona, hazihitaji kutajiwa kopo.

Na ukisema, sema yote. Nusu ya ukweli ni uongo uliokoga.

Bi Philister

*

Bi Philister,

Nimesema. Tinga alicheka mpaka akakaa chini, na Jumamosi tulikula papai la kawaida, kwa ndimu. Nyamvula hajacheka. Ameazima cherehani ya mkono, mimi ndiye ninayezungusha, kwaya nzima inapita kunitazama.

Lakini ulisema yote. Haya. Naivasha alikwenda bosi wangu na watoto wake. Mimi nilikuwa hapo Nyali, nikimlindia nyumba. Haikupotea hata kijiko. Ufunguo wake nililala nao shingoni.