Fomu za Sista Prisca

Kambi ya wakata miwa,
Turiani.
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Kwa dada yangu Eufrazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, shemeji na watoto, na kwamba kabichi za bondeni hazijaliwa na wadudu mwaka huu. Mimi huku sijambo, kazi inaendelea, ila joto halizoeleki kwa mtu wa mlimani. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitasema mengine.

Nataka nikueleze habari za hospitali ya hapa jirani na kambi. Ni ndogo. Vitanda vipo, hata chumba cha upasuaji kipo, ila daktari hayupo tangu mwaka jana. Mmoja hutoka mjini kila Alhamisi, akifika anakuta umati. Waliwahi kuajiriwa madaktari vijana wawili. Wa kwanza alilala siku moja katika nyumba ya daktari, mvua ikamnyeshea kitandani, asubuhi akaondoka. Wa pili hakushusha hata begi. Sasa bati limezibwa, na kila Jumamosi wahudumu wanafagia ua wa nyumba ile, kisha wanaiacha imefungwa.

Muuguzi mkuu, Sista Prisca, aliambiwa na wakubwa kwamba wakitaka daktari wa kudumu waonyeshe wagonjwa wanasemaje. Zikaletwa fomu za maoni, sanduku likatundikwa ukutani. Mwezi mzima zilipatikana fomu sita, na mtu mmoja alidhani ni sanduku la sadaka, akatumbukiza sarafu. Sista alikuwa ananiona mara kwa mara pale kwenye benchi, akaniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia niliishia darasa la tano ila mwandiko wangu unasomeka. Akanipa kalamu, akaniomba nipite kwa wenzangu niwajazie.

Nikauliza kama ilivyoandikwa: huduma ikoje? Dada, unatujua. Mzee Dadi alikuwa amelala sakafuni juu ya kanga ya mkewe tangu alfajiri, ngiri imemkaba, akanijibu kwamba ni nzuri, tunamshukuru Mungu. Mama mmoja, mtoto wake anatetemeka kwa homa, akasema salama tu, baba. Nikaandika nzuri, nikaandika nzuri. Mwajuma, anayeuza uji langoni, alinisikia akacheka mpaka akaweka upawa chini. Akasema sisi wakata miwa hata tukikatwa vichwa tutaitikia hatujambo, akaniuliza ni nzuri gani hiyo inayolala sakafuni. Nikamjibu kwamba mtu akikusalimia huanzi kumlilia. Kwa wiki tatu nilijaza fomu mia moja na tisa. Sista alifurahi, akaninunulia uji.

Mwezi uliopita majibu yakaja. Sista alinisomea mwenyewe. Wakubwa waliandika kwamba wamefurahi wagonjwa wengi kiasi kile kujibu, na kwa kuwa wameridhika na huduma, daktari aliyetarajiwa amepelekwa kwingine, kwenye malalamiko zaidi. Hakunigombeza. Alikunja karatasi, akaniuliza tu kwenye fomu yangu mwenyewe niliandika nini.

Niliandika nzuri.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa kwenye benchi lile. Hapo juu nimekuandikia kwamba sijambo na kazi inaendelea. Si kweli, dada. Sijakata muwa tangu Julai. Panga liliteleza likanipata mguu wa kushoto, chini ya goti. Wauguzi walishona, juu pakafunga, ndani hapakupona. Kila Alhamisi daktari aliponiuliza, huku watu wamejaa mlangoni, nilimjibu kwamba naendelea vizuri, naye akaita anayefuata. Leo nimemvulia suruali akaona. Amesema mguu ungefunguliwa mapema na kusafishwa ungepona, sasa hajui kama utabaki. Jumatatu napelekwa hospitali ya mkoa, Morogoro mjini, kupasuliwa. Ukiweza, shuka uje. Naogopa kuamka peke yangu.

Sista ameomba fomu nyingine. Siulizi tena ikoje. Nauliza umefika saa ngapi, nani amekuona, unaumwa wapi hivi sasa. Watu wanashangaa kidogo, halafu wanasema, na wakianza hawanyamazi. Ya kwanza niliijaza ya kwangu, nikaandika kwamba mguu unanuka. Ya Mzee Dadi sikuijaza. Alizikwa wiki mbili zilizopita, na ile nzuri yake niliyoiandika mimi ipo kwa wakubwa mpaka leo.

Barua hii anakuletea Jastin, mwenzangu wa kambini, anayepanda huko kesho kufuata njegere. Akikwambia kwamba nipo vizuri usimlaumu, nilimwagiza hivyo kabla sijaanza kuandika.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote wa kigangoni wanaonikumbuka. Mama mpe shikamoo yangu. Barua yako ya Pasaka ilisema mara tatu kwamba mama hajambo. Ukija Jumatatu, niambie alivyo.

Ni mimi mdogo wako, mgonjwa,
Castory